Chupa Iliyolala kwa Mjomba Mikel

Villahermosa, 14 Februari 1988

Kwa mpwa wangu Pascuala, msomi wa nyumba,

Zipokee salamu zangu kwa mikono miwili, maana nimezituma nyingi kuliko vijiti vya lambalamba vinavyotupwa katika jiji hili kwa siku moja. Hujambo? Dada Loxa hajambo? Kondoo wamezaa? Yule jike mweusi mwenye kiburi bado anakataa kukatwa sufu, au mmeshamshika?

Mimi ni mzima kuliko joto la huku. Mkokoteni wangu umepata magurudumu mapya, na nikipiga kengele mtaa mzima unatoka, hata mbwa. Juzi meneja wa kiwanda cha barafu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba hajawahi kuona muuzaji kama mimi. Hasa hasa alisema, "Mikel, unaongea sana," lakini nilielewa maana yake.

Sasa kuna kajambo. Jumatatu iliyopita nilikuta chupa ya posh kwa mlinzi wa geti la kiwanda, pombe yetu ile ya miwa, imezibwa kwa gunzi la mahindi na kuviringishwa sufu. Mlinzi anasema iliachwa Ijumaa na mzee wa huko kwetu mwenye kofia ya tepe za rangi. Nikajua ni Mzee Manvel Lunes, pengine alikuja kumwona mwanawe. Neno hakuacha. Basi nimeichukua kuwa salamu. Mtu akiwa na ombi anakuja na chupa na mdomo, sivyo? Chupa bila mdomo ni salamu tu. Mwambie nimepokea kwa moyo. Siku hizi sinywi, tumbo linanisumbua, lakini moyo ni mzima.

Barua iache palepale, kwenye duka la mishumaa la Bi Ofelia huko mjini Jobel.

Mjomba wako Mikel, mfalme wa barafu


Bikitvits, 13 Machi 1988

Kwako Mjomba Mikel,

Shikamoo. Sisi hatujambo, labda wewe ndiye una jambo. Jike mweusi amezaa mapacha, na mama anasema kiburi chake kimeongezeka mara mbili. Mama anakusalimu. Amelia tangu Jumapili, lakini ni kilio cha furaha, na hapo ndipo lilipo tatizo.

Mjomba, chupa haikuwa salamu. Mzee Manvel alikungoja saa nzima pale getini, basi likapiga honi, akamwachia mlinzi chupa pamoja na neno kwa Kihispania chake, na Kihispania cha Mzee Manvel unakijua. Neno lenyewe lilikuwa hivi: wazee wenye fimbo wamekuchagua kutunza sanduku la mavazi ya Mtakatifu Andrea na kuwamiminia watu posh mwaka mzima, kuanzia sikukuu yake ya tarehe thelathini Novemba. Akasema atangoja siku ishirini. Chupa ikirudi, Mikel amekataa. Ikilala, amekubali. Imelala, Mjomba. Jina lako wameshalitaja kanisani mbele ya watu wote.

Kwa kuwa huna nyumba hapa, sanduku litakaa kwetu. Mama ameshaondoa gunia la maharage kwenye kona ya mashariki na kupiga udongo upya. Majirani waliomcheka ulipohama sasa wanamwita "dada wa mtunzaji." Hajawahi kutembea wima namna hii tangu baba afe.

Jambo jingine. Mateo Tzintán naye aliletewa chupa Januari. Aliirudisha siku ileile, akasema mbele ya wazee kwamba yeye na mkewe Matal wamelifuata Neno, hawanywi wala hawamiminii wengine. Wamemkatia mpira wa maji. Watoto wake wanakwenda chemchemi ya bondeni, safari nzima asubuhi. Hakuna anayewasalimu. Wanasema akifika sikukuu bila kugeuka, atatolewa kijijini.

Mama anauliza: ni tumbo gani hilo? Na unakuja lini?

Mpwa wako Pascuala


Villahermosa, 2 Aprili 1988

[Hii haikutumwa siku yake. Ilifika pamoja na ya Agosti.]

Pascuala,

Nitaandika bila utani, na ukiuona utani ujue ni woga unapita.

Tumbo langu ni zima. Nimeacha posh kwa sababu nimemfuata Kristo, huu ni mwaka wa tatu. Nilibatizwa mtoni hapa, maji rangi ya kahawa, nikaingia na viatu viwili nikatoka na kimoja. Kanisa letu ni la bati, liko nyuma ya kiwanda cha barafu. Hapa mimi ni simba. Polisi aliyekuja kunifukuza kituo cha mabasi aliondoka na lambalamba ya bure na Injili ya Marko. Nimewahubiria wanajeshi, walevi, mwanamke mmoja aliyekuwa akimpiga mumewe kwa sufuria. Lakini ukihubiri hapa watu wanakujibu, "Sawa, ndugu, nipe ya ukwaju." Hakuna anayekukatia maji. Ujasiri wa namna hiyo mtu anaweza kuwa nao hata akiwa amelala.

Nikifikiria kusema maneno yaleyale Bikitvits, ulimi unaganda kuliko bidhaa yangu. Na nitakwambia kwa nini, ingawa najua barua hii sitaituma.

Ulikuwa na miaka minne. Palikuwa na mtu anaitwa Antun Pérez, wa kwanza kuleta kile kitabu cha Injili kijijini. Mama yako amekwambia alihama. Hakuhama. Tulimhamisha, saa nne asubuhi, jua linawaka. Mimi nilipandishwa juu ya paa kwa sababu nilikuwa mwepesi. Niling'oa mabati moja baada ya jingine nikiwarushia wenzangu, na kila bati nalitolea mzaha wake, watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Mke wa Antun alikuwa chini yangu anageuza chapati za mahindi. Bati la mwisho lilipotoka, jua likamwangukia usoni. Akaniangalia. Kisha akaendelea kugeuza, maana zilikuwa zinaungua.

Kwa hiyo woga wangu si wa kitu nisichokijua. Kazi ile naijua. Nilikuwa fundi wake.

Na sasa chupa. Niliijua tangu nilipoona gunzi. Ningeirudisha siku ileile, ningetakiwa kusema sababu. Nikajiambia chupa bila mdomo ni salamu, nikajiamini mwenyewe, mimi ambaye siwaamini hata wanunuzi wa mkopo.


Villahermosa, 3 Aprili 1988

Kwa mpwa wangu Pascuala,

Heri ya Pasaka, wewe na dada na mapacha wa kondoo. Habari ya sanduku nimeipata, nimeshangaa, heshima kubwa, niliangusha kengele. Mwambie mama tumbo ni la kawaida, daktari anasema ni joto la barafu, maana barafu nayo ina joto lake, wewe hujui kwa sababu hujaishi mjini. Kuhusu kuja, biashara imenibana, tutaona. Novemba ni mbali.

Mateo mpe pole yangu. Hapana, usimpe, watakuona. Mpe kimoyomoyo.

Mjomba wako


Bikitvits, 22 Mei 1988

Kwako Mjomba Mikel,

Shikamoo. Mvua imeanza, mahindi yamefika kwenye goti. Mama anaumwa bega kwa kusuka joho la sufu utakalovaa siku ya sanduku. Ameshona tepe nyekundu pembeni, amefumua, ameshona tena.

Barua yako nimeisoma mara nne. Niliisoma kwa sauti kwa mama mara moja, zile tatu peke yangu, na sikuielewa hata moja. Barafu ina joto gani, Mjomba?

Kisha mwana wa Mzee Manvel amerudi kutoka huko na kusema alikuona Jumapili nyuma ya kiwanda, kitabu mkononi, unaimba kwa sauti mbaya sana. Mama alimwambia ni mtu mwingine. Mimi niliposikia "sauti mbaya sana" nilijua ni wewe.

Sasa nikuambie na langu. Napeleka mtungi wa maji kwa Matal. Napita nyuma, kwenye ukuta wa mawe. Mara ya kwanza alinikatalia.

"Ondoka, mwanangu, watakuona."

"Nimekuja kuazima ungo."

"Ungo wa nini? Huna hata punje ya mahindi."

"Basi nimekuja kuazima na mahindi."

Alicheka, na nadhani alikuwa hajacheka tangu Januari. Siku hizi ananisomea kidogo, anafuata mstari kwa kidole, na mimi namsaidia maneno marefu. Halafu narudi nyumbani nawasha mshumaa na mama, na ninapiga magoti kwa moyo wote, simdanganyi. Sijui kama mtu anaweza kuwa na mioyo miwili. Nikirudi mama anasema, "Umechelewa." Nasema, "Palikuwa na foleni." Anasema, "Foleni ya kondoo?" na haulizi tena.

Naomba unijibu bila utani. Kama jambo hili ni uongo, mbona Mateo anakubali kiu kwa ajili yake? Na kama ni kweli, na wewe unalo, mbona hujatuambia, sisi damu yako, na umewaambia watu wa kituo cha mabasi? Mwana wa Mzee Manvel anasema unawaambia wote.

Nangoja kabla sijaamua. Si kwamba naogopa. Naogopa.

Pascuala


Bikitvits, 7 Agosti 1988

Mjomba,

Jumapili kumi na moja nimepita kwa Bi Ofelia. Ananiona kwa mbali anatikisa kichwa, hata salamu hatupeani.

Mama amemaliza joho. Mateo amepewa muda mpaka mwisho wa Novemba. Kama umekufa tuandikie.

P.


Villahermosa, 28 Agosti 1988

Mpwa wangu Pascuala,

Sijafa. Ingekuwa rahisi kueleza.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Aprili. Isome kwanza, kisha urudi hapa. Usimsomee mama. Ukimaliza unichukie kidogo, halafu uendelee.

Jibu la swali lako ni hili: ni kweli, ninalo, na sikuwaambia kwa sababu ni mwoga. Sababu nyingine nilizotafuta miezi hii mitatu zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa woga uliovaa shati safi. Nilisema namlinda dada Loxa. Kweli, nikisema, watamkatia maji mwanamke aliyepiga udongo kona kwa ajili yangu. Lakini nikinyamaza, unabaki na mtungi wako ukutani peke yako, nami nalivaa joho, na nawamiminia posh watu wanaomtoa Mateo. Pande zote mbili naona mtu ninayempenda anaumia. Nimeomba niambiwe nifanye nini. Ama sikujibiwa, ama nilijibiwa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kanisani niliuliza. Mchungaji akasema nenda. Shemasi akasema nikung'ute mavumbi miguuni, nisirudi huko. Ndugu mmoja mwenye maneno makubwa akasema nimwachie Bwana atume malaika. Nikamwuliza malaika huyo anajua Kitsotsil chetu? Akakasirika.

Basi nimeamua kuirudisha chupa. Lakini kuna aibu ya mwisho. Ile posh niliimwaga Machi nyuma ya kanisa, mbele ya waumini, kwa hotuba ndefu, wakapiga makofi. Sikuwaambia ilikotoka. Na unajua kwetu chupa hairudi tupu. Kwa hiyo juzi nimeingia kilabuni kununua posh, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na wakati natoka nani yuko mlangoni? Mama mchungaji, na kikapu cha nyanya.

"Ndugu Mikel."

"Ni ya kurudisha, mama."

"Wote husema hivyo."

Nikamweleza yote palepale barabarani. Akanishika mkono, akaniombea kwa sauti, chupa ikiwa kwapani mwangu, walevi wametuzunguka wamevua kofia.

Nitakuja Oktoba, Jumapili ya pili, mchana, wazee wakiwa kwenye benchi lao mbele ya kanisa. Wewe siku hiyo kauze sufu Jobel. Nakuomba. Sitaki wakuone unaniangalia.

Mikel


Jobel, 11 Oktoba 1988

Pascuala,

Nakuandikia kwenye kaunta ya Bi Ofelia, amenipa kiti na mshumaa uliovunjika, sijui wa nini, ni mchana. Mkono wa kushoto hauinuki lakini naandika kwa wa kulia. Nataka usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kwa midomo ya wengine.

Wenye fimbo walikuwa sita, fimbo zimelala magotini. Nilivuka uwanja. Pascuala, mimi niliyejisifu maisha yangu yote, nilihesabu kila hatua nisije nikageuka nyuma. Nikaiweka chupa miguuni pa Mzee Manvel.

"Umechelewa," akasema.

"Miezi minane, baba."

"Ni lile tumbo?" akauliza mmoja, na benchi zima likacheka. Kumbe habari za tumbo langu zimefika mpaka kwa wenye fimbo.

Mzee Manvel hakucheka. Aliinama akaniambia polepole, kama mtu anayemvusha mtoto mto: "Sema ni tumbo, Mikel. Mgonjwa hatumlazimishi. Tutamtafuta mwingine, utakula kwa dada yako, utaondoka kesho. Sema tu."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Na aliufungua kwa upendo, hilo ndilo linanivuruga mpaka sasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe. Kwa huruma sikuwa nimejiandaa.

Nikasema, "Si tumbo."

Nilikuwa na hotuba ya nusu saa, na mistari saba ya Biblia nimeikariri kwenye basi. Yote iliyeyuka. Yalitoka haya tu: "Mimi ndiye niliyepanda paa la Antun Pérez, mnanikumbuka, mlicheka. Alichokuwa nacho Antun ndicho ninacho sasa. Yesu Kristo amenisamehe lile paa, na siwezi kumtunzia mtakatifu sanduku kwa posh na uongo."

Kisha jiwe likanipata begani, sikuona lilikotoka. Watu wakaanza kusogea. Hapo Mzee Manvel akasimama, akanyoosha fimbo yake kifuani pangu. Ilikuwa ya kunizuia mimi au ya kuwazuia wao? Nimewaza siku mbili, sijui. Najua tu kwamba hakuna aliyevuka ile fimbo.

Nikafungiwa kwenye chumba cha wahalifu mpaka leo asubuhi, nikatolewa kwa lori. Nisirudi tena. Na mpira wa maji wa dada yangu unakatwa. Nilisema asiguswe, hajui chochote. Mzee Manvel akasema, "Kona ni yake."

Mama yako alikuwepo, pembeni ya watu, amelishika lile joho. Nilipotaja paa aligeuka akaondoka. Uso wake sikuuona.

Sijui kama nimefanya jema au nimewavunjia nyumba. Nilidhani mtu akishinda woga atajua. Woga umeondoka, nilidhani utaondoka na maswali, umeniachia yote.

Nisamehe. Mwombe na yeye anisamehe.

Mjomba wako


Bikitvits, 30 Oktoba 1988

Kwako Mjomba Mikel,

Shikamoo. Bega lako likoje? Jike mweusi tumemkata sufu hatimaye. Alikuwa anamsikiliza mama, akasahau kupigana.

Namaanisha kumsikiliza kweli. Mpira ulikatwa Jumanne, kwa panga, na kuanzia hapo mama hakusema na mtu ila kondoo. Siku kumi na moja. Aliwaeleza kila kitu. Aliwaambia kondoo kwamba na yeye alikuwepo siku ya paa. Alikuwa amesimama chini. Alikuwa anapokea mabati.

Hilo hukuliandika, Mjomba. Sijui kama ulilisahau au ulimfichia.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa napanga chapati jikoni. Nikasema, "Mama, na mimi."

"Na wewe nini?"

"Nami nimelifuata. Kama Matal. Kama mjomba."

Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga. Mama akageuza chapati.

"Nilijua tangu siku ya ungo," akasema. "Mtu haazimi ungo mara tatu kwa wiki."

Nikangoja anipige. Akasema, "Chapati inaungua," na ilikuwa kweli.

Kesho yake tulienda chemchemi, sasa ni njia yetu pia. Matal alikuwepo, anajitwisha mtungi, hakutusalimu, ameshazoea. Mama alisimama akamtazama muda mrefu. Kisha akaenda akaushika mtungi upande wa pili, wakainua pamoja. Mama aliporudi nilimwuliza maana yake ni nini.

"Maana yake ulikuwa mzito," akasema. "Usiniwekee maneno mdomoni."

Mateo bado yupo. Mzee Manvel alipita jana nje ya ua wetu, akasimama kwenye mpira uliokatwa, akaugusa kwa fimbo, akaenda zake. Hatujui maana yake.

Mama anasema niandike hili vilevile anavyolitamka, nisiongeze: "Mwambie mdogo wangu, maji yangu yamekatwa kwa ajili ya kitu ambacho sijaelezwa. Amewaeleza wenye fimbo, amewaeleza polisi, amewaeleza walevi. Mtoto amejaribu kunieleza, lakini siye niliyekuwa naye siku ya lile paa. Jumapili ya tarehe kumi na tatu nitakuwa Jobel nauza sufu, mahali pa pili kutoka dukani kwa Bi Ofelia. Aje anieleze mwenyewe. Sijasema nitakubali. Na asilete chupa."

Pascuala


Villahermosa, 8 Novemba 1988

Pascuala,

Barua hii anaileta mwenzangu wa mkokoteni anayepanda leo kwenda huko, nimemlipa kwa lambalamba nne, atazimaliza kabla hajafika stendi.

Nitakuja. Mwambie nilikumbuka kwamba alikuwa anapokea mabati. Nilikumbuka kila siku.

Wenye fimbo walikuwa sita na nilivuka uwanja. Yeye ni mmoja, anauza sufu, na namwogopa kuliko wote sita. Nimekaa tangu jana na daftari naandaa nitakachomwambia. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Utani wote nimeutoa. Mistari nayo nimeipunguza. Mpaka sasa kwenye karatasi limebaki neno moja, na sijui linalofuata.

Dada.

Mikel